Sauti Nyingi Katika Hewa Moja

Somo la historia kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya shida moja iliyowasumbua watu tangu redio ilipoanza kutumika. Shida yenyewe ni hii: watu wengi, au mitambo mingi, wakitaka kusema kwa wakati mmoja katika hewa ile ile, itakuwaje kila mmoja asikike?

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno manne: masafa, kugongana, kifurushi, risiti. Kila neno tutalieleza litakapofika mahali pake.

Tuanze na masafa. Mnajua kwamba redio yenu ina kitufe cha kuzungusha. Mkikizungusha, mnaacha kituo kimoja na kupata kingine. Hii ni kwa sababu kila kituo hupeleka mawimbi yake kwa mtetemo wake maalumu, kama vile ngoma moja inavyolia kwa sauti nene na nyingine kwa sauti nyembamba. Mtetemo huo ndio tunaouita masafa. Sasa, vituo viwili vilivyo karibu vikisema kwa masafa yale yale na kwa wakati ule ule, msikilizaji hapati habari ya huyu wala ya yule. Anasikia mvurugo tu. Huko ndiko kugongana. Wazee wetu walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi la redio ni dogo kuliko watu wanavyodhani.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912

Tazameni kwanza jambo lililotokea katika bahari ya Atlantiki. Meli kubwa iitwayo Titanic ilikuwa ikisafiri kutoka Uingereza kwenda New York, Marekani. Ilikuwa na mtambo wa simu ya upepo, kama redio ilivyoitwa zamani, na wapiga simu wawili. Usiku ule mmoja wao, Jack Phillips, alikuwa na lundo la salamu za abiria. Alikuwa akizipeleka kwenye kituo cha pwani kiitwacho Cape Race, huko Newfoundland.

Karibu saa 5 usiku, meli nyingine iitwayo Californian ilimpasha habari kwamba imesimama, imezungukwa na barafu. Kwa kuwa Californian ilikuwa karibu, sauti yake ilikuwa kali sana masikioni mwa Phillips, ikaifunika ile sauti dhaifu ya Cape Race. Phillips akamjibu mwenzake anyamaze, maana ana kazi. Mpiga simu wa Californian, Cyril Evans, alikuwa peke yake katika kazi hiyo, naye alikuwa amefanya kazi kutwa nzima. Baadaye kidogo akazima mtambo wake, akalala. Saa 5.40 Titanic ikagonga mlima wa barafu. Ilipolilia msaada, ndani ya Californian hapakuwa na sikio la kuusikia wito ule. Meli ya Carpathia iliusikia, lakini ilikuwa mbali, ikafika karibu saa 10 alfajiri. Watu kiasi cha 1,500 walikufa.

Tusiseme ya kwamba simu ya upepo ndiyo iliyoizamisha meli. Iliyoizamisha ni barafu. Wala tusimtie Phillips aibu, kwa maana alibaki kwenye mtambo wake akiita msaada karibu mpaka mwisho, naye akafa. Lakini tuangalie jambo moja kwa makini. Mitambo yote miwili ilikuwa mizima. Kilichopungua ni utaratibu: nani aseme, nani anyamaze, na nani abaki akisikiliza.

Mataifa yalijifunza kwa uchungu. Mwezi wa Agosti 1912 Marekani ilitunga sheria ya kutaka kila kituo cha redio kiwe na leseni. Mwezi wa Januari 1914 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana London wakakubaliana, pamoja na mambo mengine, kwamba meli kubwa za abiria ziwe na zamu ya kusikiliza usiku na mchana. Baadaye ikawekwa desturi nzuri sana. Mara mbili katika kila saa, kwa muda wa dakika 3 kila mara, vituo vya baharini vilinyamaza katika masafa ya kuombea msaada, ili mnyonge mwenye mtambo dhaifu apate kusikika. Saa za wapiga simu zilipakwa rangi katika dakika hizo, wasisahau. Desturi hiyo ilidumu miaka mingi, mpaka ilipopitwa na mpango mpya wa mitambo ya kujiendesha na satelaiti, uliokamilika mwaka wa 1999.

Basi, binadamu akifundishwa, huweza kunyamaza kwa adabu. Je, mtambo usio na akili wala adabu utafundishwaje? Swali hilo lilikuja wakati kompyuta zilipotaka kusemezana kwa redio. Kwa habari hiyo, twendeni sasa kwenye bahari ya Pasifiki.

Kompyuta moja, visiwa vingi

Hawaii ni jimbo la Marekani lililo katikati ya Pasifiki, nalo ni visiwa vitupu. Chuo Kikuu cha Hawaii kina makao yake makuu Honolulu, katika kisiwa cha Oahu, lakini kilikuwa pia na vyuo vidogo katika visiwa vingine. Miaka ile kompyuta ilikuwa mtambo mkubwa wa kujaza chumba, tena ghali. Haikuwezekana kila chuo kiwe na yake. Njia pekee ilikuwa watu wa mbali waitumie ile moja ya Honolulu, kila mtu akiwa na kituo chake kidogo chenye vitufe vya kuandikia, kama mashine ya taipu. Lakini kukodi waya za simu kulikuwa na gharama kubwa, na waya zenyewe hazikuwa za kutegemewa.

Mwaka wa 1968 mhandisi mmoja wa chuo hicho, Norman Abramson, pamoja na wenzake, walianza kutafuta njia ya kutumia redio badala ya waya. Fedha zilitoka katika idara ya ulinzi ya Marekani. Mpango wao wakauita ALOHA, ambalo ni neno la Kihawaii la kuamkiana.

Shida waliyoikuta ilikuwa hii. Ukimpa kila mtu masafa yake peke yake, masafa yatakwisha upesi. Ukimpa kila mtu zamu yake kwa saa, zamu nyingi zitapita bure, kwa sababu mtu anayetumia kompyuta huandika mstari mmoja, kisha hukaa akifikiri. Ni sawa na kumpa kila abiria basi zima, naye anasafiri mara moja kwa mwezi.

Abramson akachagua njia ambayo wengi wangeiona ya fujo. Alisema: vituo vyote vitumie masafa yale yale, na kila kituo kiseme wakati wowote kinapokuwa na neno la kusema. Vikigongana, tutarekebisha baadaye.

Marekebisho yenyewe yalikuwa hivi. Kwanza, habari haikupelekwa kama mkondo mrefu. Ilikatwakatwa kuwa vipande vifupi, visivyozidi herufi 80 kila kimoja. Kipande cha namna hiyo ndicho tunachokiita kifurushi. Pili, ndani ya kila kifurushi kulitiwa hesabu ya ukaguzi, mfano wa karani anayeandika jumla chini ya orodha ya fedha. Mtambo wa Honolulu ulikagua jumla hiyo. Ikiwa hailingani, ulijua kifurushi kimeharibika njiani, ukakitupa. Tatu, jumla ikilingana, mtambo ulirudisha neno fupi kwa masafa mengine kusema kwamba mzigo umefika. Hiyo ndiyo risiti. Katika masafa hayo ya pili msemaji alikuwa mmoja tu, kwa hiyo hapakuwa na wa kugongana naye.

Na kituo kisipopata risiti? Kinangoja kidogo, kisha kinatuma tena. Hapa ndipo penye ujanja wa mpango mzima. Mmepata kukutana na mtu katika njia nyembamba, ukahamia kushoto naye akahamia huko huko, ukarudi kulia naye akarudi kulia. Vituo viwili vilivyogongana vikingoja muda ulio sawa, vitagongana tena, na tena, mpaka jioni. Kwa hiyo kila kituo kilingoja muda wa bahati nasibu, kana kwamba kimepiga kura. Huyu anapata kungoja kidogo, yule anapata kungoja zaidi, nao wanapishana.

Mwezi wa Juni 1971 vifurushi vya kwanza vilipita hewani. Mtambo mdogo uliokaa mlangoni mwa kompyuta kubwa ukipokea na kutoa risiti ulipewa jina la Menehune, yaani wale watu wafupi wa hadithi za Kihawaii wanaosifiwa kwa kujenga kazi kubwa usiku mmoja.

Hesabu ya watu 324

Sasa chukueni kalamu na daftari. Mambo yanapokuwa ya fujo, mwenye busara huuliza: fujo hii inaweza kubeba watu wangapi? Abramson alipiga hesabu hiyo katika andiko lake la mwaka 1970, nasi tunaweza kuifuata.

Sekunde moja ina sehemu elfu moja. Alikadiria kwamba kifurushi kimoja kinachukua sehemu 34 kati ya hizo. Dakika moja ni sekunde 60, yaani sehemu 60,000. Gawanyeni 60,000 kwa 34, mtapata 1,764 na kidogo. Hivyo ndivyo vifurushi ambavyo vingeweza kupita kwa dakika kama vingepangwa mmoja nyuma ya mwingine bila nafasi.

Lakini havikupangwa. Fikirini kifurushi changu. Kingine kikianza kabla changu hakijaisha, vyote viwili vimeharibika. Tena, kama kingine kilianza kitambo kidogo kabla ya changu, mkia wake utagonga kichwa cha changu. Hatari iko mbele na iko nyuma. Abramson alionyesha kwamba, kwa sababu hiyo, njia ya namna hii haiwezi kupitisha salama zaidi ya sehemu 18 na kidogo katika kila 100. Ukitoa sehemu hiyo katika 1,764, unabakiwa na 324. Maana yake, kama kila mtu anatuma kifurushi kimoja kwa dakika, njia moja ya redio ingetosha watu 324.

Ni wengi au ni wachache? Kwa chuo cha mwaka 1971 walikuwa wengi sana. Lakini ndani ya hesabu hii mna onyo. Watu wakizidi kipimo, njia haiendi polepole tu. Vifurushi vinagongana, vinatumwa tena, na vile vinavyotumwa tena vinaongeza msongamano, hata mwisho karibu hakuna kinachofika. Kila mtu anatuma, na hakuna anayepokelewa. Ni kama watu walio mlangoni wakati wa hofu: kila mmoja anasukuma ili atoke upesi, na kwa kusukuma huko mlango unaziba.

Kusikiliza kabla ya kusema

Kutoka hapo historia yetu ni ya watu waliojaribu kuponya ugonjwa huo, mmoja baada ya mwingine.

Mwaka wa 1972 Lawrence Roberts, mmoja wa wajenzi wa mtandao wa kompyuta ulioitwa ARPANET, alitoa shauri jepesi. Vifurushi visianze wakati wowote, bali vianze kwa mapigo ya saa, kama mabasi yanayoondoka stesheni kwa wakati uliowekwa. Hapo vifurushi viwili ama vitagongana vizima ama vitakosana kabisa. Hakuna tena mkia kugonga kichwa. Shauri hilo peke yake liliongeza kipimo mara mbili, kikawa sehemu 36 na kidogo katika 100. Wale watu 324 wakawa karibu 650, bila kuongeza nguvu ya mtambo hata mmoja.

Mwaka wa 1973 Robert Metcalfe, huko California, alichukua fikra ya Hawaii akaitia katika waya ulioshirikiwa na kompyuta nyingi. Kazi hiyo ikaitwa Ethernet. Yeye alifundisha mitambo unyenyekevu. Kifurushi kikigongana mara ya kwanza, mtambo hungoja kidogo. Kikigongana mara ya pili, muda unaopigiwa kura huwa mara mbili ya ule wa kwanza, na mara ya tatu huongezwa tena mara mbili. Njia inapojaa, kila mmoja anapunguza haraka yake. Subira yavuta heri.

Mwaka wa 1975 Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi waliandika juu ya adabu nyingine: kusikiliza kwanza. Ukisikia mwenzio anasema, ngoja amalize. Lakini pia walionyesha mahali ambapo adabu hiyo haitoshi. Wekeni mlima, na kituo kimoja upande huu, kingine upande ule, na mnara juu kileleni. Mnara unavisikia vyote viwili, lakini vyenyewe havisikiani. Kila kimoja kinasikiliza, kinaona kimya, kinasema, na kule kileleni maneno yanagongana. Kwa hiyo anayejua kama njia iko wazi si anayesema, bali ni anayepokea.

Mtandao wa Wi-Fi, ambao kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka wa 1997, umechukua mafunzo haya yote. Kifaa husikiliza, hungoja kwa bahati nasibu, hutuma, na hudai risiti. Kwa wale walio pande mbili za mlima pana njia ya ziada: kifaa huomba ruhusa kwa neno fupi, na kituo cha kati kinapojibu, majibu yake husikika pande zote, na wengine hunyamaza. Kanuni mpya zaidi za mwaka 2021 zimempa kituo cha kati kazi ya mwenyekiti wa mkutano. Hugawa njia katika vipande vidogo na kuwaruhusu wengi waseme pamoja, kila mmoja katika kipande chake.

Habari hii inatuhusu nini?

Huenda mwanafunzi mmoja akauliza: Mwalimu, Hawaii ni mbali, nasi tuna nini nayo? Jibu liko mfukoni mwako. Simu za mkononi za mtindo wa GSM zilianza kutumika mwaka wa 1991. Simu ya mtindo huo ikitaka kusema na mnara, haina njia yake tangu mwanzo. Kwanza huomba nafasi katika mlango wa pamoja, kwa utaratibu ule ule wa ALOHA wa kufuata mapigo ya saa. Ikigongana na nyingine, hungoja kwa bahati nasibu na kuomba tena. Ikikubaliwa, hupewa njia yake. Kwa hiyo mwaka wa 2007 huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya, na mwaka wa 2008 ilipofika Tanzania, fedha za watu zilianza kupita katika mlango ambao desturi yake ilitungwa visiwani Hawaii. Ndiyo sababu palipo na umati mkubwa simu huonekana nzima, mnara unaonekana, lakini wito haupiti. Mlangoni kumejaa.

Hapa kuna funzo la faida kwa kila nyumba. Kinachoweza kupotea njiani si mzigo tu, hata risiti inaweza kupotea. Ukituma fedha na risiti isije, usidhani mara moja kwamba fedha hazikwenda. Labda zimefika, na neno la kurudi ndilo lililokwama. Mitambo hutia namba katika vifurushi ili mpokeaji atambue kilichorudiwa asikihesabu mara mbili. Binadamu naye afanye vivyo hivyo: atazame salio lake kwanza, ndipo atume tena.

Tena hesabu inaendelea kukua. Siku hizi si watu tu wanaotumia redio. Mita za maji, vipimo vya unyevu wa shamba na vya joto la ghala, vyote hupeleka habari. Katika mtindo mmoja uitwao LoRaWAN, uliotangazwa mwaka wa 2015, vifaa hivyo kwa kawaida husema bila kusikiliza kwanza, kama walivyofanya Hawaii, ili betri ndogo idumu miaka. Wakiwa wachache, inafaa. Wakiwa maelfu, ile hesabu ya 18 katika 100 inarudi kudai deni lake. Hata kudai risiti kwa kila neno hakuwezekani, kwa maana kituo kinachotoa risiti kwa kawaida hakiwezi kupokea wakati huo huo. Dawa ni kiasi. Huko Ulaya, katika sehemu nyingi za masafa hayo, kifaa hakiruhusiwi kusema zaidi ya sehemu moja katika 100 za wakati, yaani sekunde 36 kwa saa.

Basi, tukusanye maneno yetu. Tangu mwaka wa 1912 mitambo imeongezewa nguvu mara nyingi, lakini nguvu siyo iliyowawezesha wengi kusikika. Mmoja akipaza sauti, jirani naye hupaza, na mnyonge hufunikwa. Kilichowasaidia wengi ni maneno mafupi, kusikiliza, kungoja kwa zamu isiyo na upendeleo, na kutohesabu jambo limekwisha mpaka risiti ije.

Maswali ya kuzungumzia darasani

1. Katika usiku wa Titanic, ni kitu gani kilikuwa kizima, na ni kitu gani kilipungua?
2. Kwa nini vituo viwili vilivyogongana visingoje muda ulio sawa?
3. Kama kifurushi kingechukua sehemu 68 za elfu za sekunde badala ya 34, wale watu 324 wangekuwa wangapi? Hii inatufundisha nini juu ya urefu wa maneno?
4. Katika mikutano ya kijiji chenu, ni desturi gani inayomwezesha mtu mwenye sauti ndogo asikike?